Skeli za gitaa

Skeli za gitaa ni noti zinazofuatana kwa umbali maalumu na kupigwa kwenye shingo ya gitaa. Inayojulikana zaidi ni skeli ya meja, ile ambayo wanakwaya huiimba kama do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Mpigaji huitumia kutunga solo, kumjibu mwimbaji na kutafuta wimbo kwa sikio.

Noti kwenye shingo

Gitaa la kawaida lina nyuzi 6. Kuanzia uzi mnene (wa 6) hadi mwembamba (wa 1), zikipigwa wazi hutoa noti E, A, D, G, B na E. Shingo hugawanywa na vipande vyembamba vya chuma viitwavyo freti. Kupanda freti moja huongeza sauti kwa nusu toni. Kwa kuwa oktava ina nusu toni 12, freti ya 12 hutoa noti ileile ya uzi wazi, ila juu zaidi kwa oktava moja.

Skeli ya meja hufuata hatua za freti 2, 2, 1, 2, 2, 2, 1. Kwa mfano, skeli ya C kwenye uzi wa 5 peke yake hupatikana katika freti za 3, 5, 7, 8, 10, 12, 14 na 15.

Sauti moja, mahali pengi

Kwenye piano kila sauti ina kibonyezo kimoja tu. Kwenye gitaa, C ya uzi wa 2 freti ya 1 hupatikana pia katika uzi wa 3 freti ya 5, uzi wa 4 freti ya 10 na uzi wa 5 freti ya 15. Hili huwachanganya wanaoanza, lakini ndilo linalomwezesha mpigaji kucheza skeli nzima bila kuhamisha mkono.

Skeli ya C bila kuhamisha mkono:
- uzi wa 6: freti za 8 na 10 (do, re)
- uzi wa 5: freti za 7, 8 na 10 (mi, fa, so)
- uzi wa 4: freti za 7, 9 na 10 (la, ti, do)

Umbo hili halitumii uzi wazi, hivyo linahamishika. Mwimbaji akitaka ufunguo wa D, mkono wote husogezwa freti 2 mbele na vidole hubaki katika mpangilio uleule.

Namna ya kujifunza

Anayeanza hushauriwa kujua kwanza mahali zilipo do zote, kisha kujifunza umbo moja polepole huku akiimba kila noti. Umbo la pili huongezwa baada ya la kwanza kuzoeleka, na noti zinazoshirikiwa na maumbo hayo mawili huwa daraja la kuvukia. Anayekariri umbo bila kuisikia do hukwama wimbo unapobadilisha ufunguo.

Katika muziki wa dansi

Nchini Tanzania skeli husikika wazi katika muziki wa dansi, ambamo gitaa la solo hupanda juu ya shingo wakati magitaa ya rithimu na besi yakishikilia mwendo. Miongoni mwa bendi za miaka ya 1960 ni Kilwa Jazz ya Dar es Salaam, iliyoongozwa na Ahmed Kipande, na Morogoro Jazz, ambamo Mbaraka Mwinshehe alipiga solo. Wapigaji wengi wa dansi walijifunza kwa kusikiliza na kutazama mikono ya waliowatangulia.