Nani Hutoa Amri ya Uchungu?

Mkunga anaujua uchungu ukishafika. Mimi nafuatilia kilichoutangulia: msuli uliotulia miezi tisa unaamriwa na nani kuanza kukaza? Madaktari wa Ugiriki ya kale waliandika kwamba mtoto hupungukiwa chakula tumboni, akafurukuta mpaka utando ukapasuka. Simulizi hiyo iliishi karne nyingi. Lakini hata mtoto aliyefia tumboni kwa kawaida huja kwa uchungu, naye hafurukuti. Basi amri inatoka wapi?

Alama ya kwanza iko London, 1906. Maji ya tezi iliyo chini ya ubongo yalikaza mji wa mimba wa paka. Humo ikatambuliwa homoni ya oksitosini, ikatengenezwa maabara mwaka 1953, na leo imo kwenye dripu ya uchungu. Wengi huishia hapo. Mimi sikuridhika, maana homoni hiyo haipandi waziwazi katika damu ya mama kabla uchungu haujaanza. Kinachobadilika ni msuli wenyewe, unaoanza kuitikia kiasi kile kile. Ni nini kimeuzindua?

New Zealand, miaka ya 1960, kondoo walitoa jibu safi. Mwanakondoo aliyeharibiwa tezi ile ya chini ya ubongo alipitiliza siku zake tumboni. Aliyetiwa homoni ya kortisoli alizaliwa mapema. Ila njia hiyo inakatika ukifika kwa binadamu. Kwetu projesteroni, homoni inayoituliza mimba, haishuki katika damu kabla ya uchungu kama ishukavyo kwa kondoo. Tugeukie wapi?

Kampala. Ripoti ya 1968 kutoka huko inaeleza wanawake walioanzishiwa uchungu kwa dripu ya prostaglandini. Huu ndio ukurasa ulionishika zaidi, kwa kuwa prostaglandini ni kemikali zile zile zinazofanya jeraha livimbe na kuuma. Mwaka 1971 ikabainika kuwa aspirini huzuia kutengenezwa kwake. Miaka miwili baadaye, kumbukumbu za kina mama waliokuwa wakimeza aspirini nyingi zikaonyesha kwamba mimba zao zilielekea kuchelewa. Je, kujifungua nako ni inflamesheni, ile hali ya mwili kujihami kwa joto, uvimbe na maumivu?

Mwaka 1981 hoja hiyo iliandikwa waziwazi: mlango wa kizazi hulainika kwa inflamesheni. Uchunguzi wa baadaye ulikuta chembe nyeupe za damu zimejaa kwenye mlango huo na kwenye msuli, pamoja na saitokini, ishara zinazoziita chembe hizo, hata pasipo vijidudu. Ushahidi mzuri, lakini nausoma kwa tahadhari. Nyama nyingi zilizochunguzwa zilichukuliwa uchungu ukiwa umeshaanza. Chembe hizo ziliuleta uchungu, au ziliufuata?

Mwaka 2004 habari ikatoka Dallas, kwa panya. Mapafu ya mtoto yakikomaa hutoa protini katika maji ya uzazi. Protini hiyo huamsha chembe za kinga za mtoto, nazo huhamia kwenye ukuta wa mji wa mimba na kuwasha inflamesheni. Yaani aliye tayari kuvuta hewa ndiye anayebisha hodi. Simulizi tamu mno, ndiyo maana nilitafuta pingamizi. Nililipata la 2006: watafiti walichunguza msuli wa kina mama waliobeba watoto wa kiume, wakitafuta chembe zenye kromosomu Y. Hawakuzikuta. Je, kwa binadamu ujumbe wa mtoto huvuka bila chembe zake?

Kwa mama wa mtoto njiti, swali hili si la vitabuni. Maambukizi ndani ya mji wa mimba huchochea sehemu kubwa ya uchungu wa mapema, hivyo antibiotiki zilitarajiwa kusaidia. Jaribio la Uingereza la 2001, lenye wanawake zaidi ya 6,000 ambao chupa yao ya uzazi haikuwa imepasuka wala hawakuwa na dalili za maambukizi, halikuonyesha faida kwa watoto. Ufuatiliaji wa 2008 ulikuta mtindio wa ubongo zaidi kwa watoto ambao mama zao walipewa dawa hizo. Dawa ya indomethasini nayo huzuia prostaglandini, lakini inaweza kubana mshipa muhimu karibu na moyo wa mtoto. Ikiwa ishara hizi humkinga mama na pia humfungulia mtoto njia, tuzime ipi, na wakati gani?