Mshiko: istilahi ya kuamua ugomvi wa dereva na gari

Mashindano ya magari ya Safari Rally yanapokaribia, mabishano ya barazani huwa ni yale yale, kijijini Ngomeni kama kwingineko katika pwani ya Kenya. Mmoja husema fulani anashinda kwa kuwa amepewa gari zuri. Mwenzake hujibu kwamba gari halijiendeshi. Wa tatu huleta habari za matairi, na kila mtu akaondoka na lake. Hawaelewani kwa sababu wote watatu wanakizunguka kitu kimoja bila ya kukitaja. Waingereza hukiita grip. Napendekeza sisi tukiite mshiko, na tukiite hivyo katika magazeti, redioni na madarasani.

Mshiko ni uwezo wa tairi kuing'ang'ania njia, gari likaweza kuondoka, kukata kona na kusimama bila ya kuteleza. Injini iwe na nguvu namna gani, nguvu hizo hupitia mahali pamoja tu: pale tairi linapogusa ardhi. Kwa gari dogo, sehemu hiyo ni kama upana wa kiganja kwa kila gurudumu. Tunaweza kuiita wayo wa tairi. Wayo ukipoteza mshiko, usukani na breki havina kazi tena.

Ngomeni ina mfano wa chombo kisichohitaji mshiko. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na kijiji hiki, Waitaliano walirusha setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina la Uhuru. Roketi iliyoibeba ilipanda kwa kutema gesi nyuma yake, nayo haikuhitaji kukanyaga chochote. Gari halina njia hiyo. Lazima likanyage, na linachokanyaga kisipoponyoka mkononi mwake ndipo liende.

Kwa nini mshiko, na si neno jingine? Vitabu vya fizikia vina msuguano, nalo ni neno sahihi mahali pake. Lakini msuguano upo hata ndani ya injini, ambako fundi hutia mafuta ili aupunguze. Mshiko ni ule msuguano tunaoutaka, wa tairi na njia. Mnato haufai, maana mchanga haunati na tairi bado linaweza kupita juu yake. Mvutano una kazi nyingine, kuanzia sumaku hadi siasa. Mshiko, kwa upande wake, umetoka katika vinywa vya madereva wenyewe. Husema gari linashika barabara, breki zimeshika, tairi halishiki. Kutoka shika tunapata mshiko kama tunavyopata mshono kutoka shona. Najua kwamba Dar es Salaam mshiko ni pesa. Hilo halitudhuru. Mshiko wa tairi nao una kiasi chake, na hutumiwa ukaisha.

Hapo ndipo penye kiini cha istilahi hii. Kila tairi lina kikomo cha mshiko kwa njia fulani na kwa wakati fulani. Kiasi hicho hugawanywa kati ya breki na kona: kinachochukuliwa na breki hakipatikani tena kwa kukata kona. Dereva anayekanyaga breki kwa nguvu zote huku akizungusha usukani anadai kisichokuwepo, na gari huenda moja kwa moja hadi kichakani. Tairi linapokikaribia kikomo hicho huanza mtelezo. Mtelezo kidogo ni kawaida, hata una faida. Ukizidi, mshiko hushuka ghafla.

Mtazame mwendesha boda anayeacha lami ya barabara ya Malindi kwenda Lamu pale Gongoni na kushika njia ya Ngomeni. Akifika penye mchanga mzito haigusi breki ya mbele, kwa sababu gurudumu la mbele likijifungia litachimba na kumwangusha. Husogea nyuma kidogo, huulegeza mkono kwenye usukani, na huendelea na mwendo ule ule hadi atoke. Mwenye gari husimama akapunguza upepo wa matairi ili wayo utanuke, uzito usambae na tairi lisizame. Mvua ikinyesha na tope likatanda karibu na mashamba ya chumvi, hesabu yote hubadilika: sasa kinachotakiwa ni tairi lenye meno, na mwendo wa pole. Safari ni moja, mishiko ni mitatu: wa lami, wa mchanga na wa tope. Mwendesha boda ametumia ustadi wake, mwenye gari amebadilisha hali ya tairi lenyewe. Wote wawili wamefanya kazi juu ya kitu kimoja.

Sasa turudi kwenye mashindano. Mwaka 2004 Michael Schumacher, akiwa na Ferrari, alishinda mbio 13 kati ya 18 za Formula 1. Mwaka uliofuata sheria ilikataza kubadilisha matairi katikati ya mbio, na matairi ya Bridgestone aliyotumia yalizidiwa na yale ya Michelin. Kati ya mbio 19 alishinda moja tu, ya Indianapolis, ambako magari yote ya Michelin yalijiondoa kwa hofu ya usalama na yakabaki sita. Kipaji cha mtu hakiyeyuki katika miezi michache. Kilichoshuka ni kikomo alichopewa.

Upande wa pili yupo Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho. Alishinda Safari mwaka 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer yenye injini ya sentimita za ujazo 1,600. Mwaka 1974 aliyemfuata ni Björn Waldegård kwenye Porsche 911, gari lenye nguvu zaidi kwa mbali. Mwenye istilahi yetu hashangai. Penye udongo na vumbi mshiko ni haba, na nguvu za ziada huishia kuzungusha magurudumu. Hapo anayejua kuuhisi ukingo wa mtelezo, na kulitunza gari lifike, humpita mwenye nguvu nyingi za farasi.

Halafu kuna mfano wa Naivasha, mwaka 2021, Safari iliporudi katika mashindano ya dunia. Timu za daraja la juu zote zilikuwa na matairi ya Pirelli. Thierry Neuville wa Hyundai aliongoza hadi siku ya mwisho, shokapu ikavunjika, na Sébastien Ogier wa Toyota akatwaa ushindi. Matairi yalikuwa ya kampuni moja, lakini shokapu ndiyo inayosaidia kulibakisha tairi chini njia inaporusha gari. Bila yake wayo hauna cha kushika.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu. Tairi na njia huweka kikomo cha mshiko. Gari hulibakisha tairi chini. Dereva huhisi kikomo kiko wapi, akakikaribia kuliko wenzake bila ya kukivuka. Anaweza hata kuuhamisha mshiko: akikanyaga breki kidogo kabla ya kona, uzito huenda mbele na magurudumu ya mbele hushika vizuri zaidi. Lakini hawezi kuuzidisha kupita uwezo wa matairi. Anayesema dereva ndiye kila kitu anakosea, na anayesema gari ndilo kila kitu anakosea vile vile.

Watangazaji wa michezo, walimu wa udereva na mafundi, litumieni neno hili. Semeni dereva amevuka kikomo cha mshiko, msiseme tu gari lilimshinda. Na wewe msomaji unayesafiri kati ya Malindi na Garsen mvua ikinyesha, kumbuka kwamba tairi kipara halina mifereji ya kutoa maji, na ustadi wa miaka yote barabarani hauwezi kuliazima mshiko lisiokuwa nao. Kagua matairi yako kabla ya kuondoka.