Njia ya Kurudi: Kutoka Mzigo wa Mpagazi hadi Mashine ya Gemu

Msafara ulioondoka Bagamoyo ungeweza kufika Tabora salama, watu wazima, mizigo haijapungua, na bado ukalala njaa. Tatizo lilikuwa ushanga. Msafiri Mzungu Stanley alipofungasha mizigo mwanzoni mwa 1871 alifundishwa jambo hili na wafanyabiashara waliozoea njia: shanga nyeusi zilikuwa fedha Ugogo, lakini kwingine hazikununua hata kibaba cha mtama, sungomaji zilitakiwa Ujiji na Uguha, nyeupe zilikwenda Ufipa, Ukonongo walitaka samesame nyekundu. Aliyekosea hesabu alibebesha watu mawe kwa miezi mitatu. Ushanga wenyewe haukuwa na kasoro yoyote, ila pale ulipofika haukukubaliwa.

Kukubali ndilo neno analotumia hadi leo fundi wa simu au wa gemu. Chaja haikubali, pedi haikubali, diski haikubali. Kila nikiisoma historia ya njia hii ya kati, kutoka pwani kupita Mpwapwa na Tabora hadi Ujiji, naona inarudia maswali mawili. Kitu kilichotengenezwa mbali kitakubaliana na cha hapa? Na siku kikifa, mtengenezaji akiwa ng'ambo ya bahari, kuna njia ya kukirudisha?

Zamani swali la kwanza liliamuliwa na bega la mpagazi. Mnyamwezi alibeba kiasi cha frasila mbili, kama kilo 32, na kila kilichotoka Ulaya kilipaswa kutii kipimo hicho. Mwaka 1874 Stanley alirudi na mashua ya vipande, Lady Alice, iliyoundwa Uingereza ili ibebwe na watu. Ilipopimwa Zanzibar, vipande vilikutwa vizito kupita uwezo wa wabebaji, ikabidi fundi aikate upya kabla haijavuka kwenda bara. Bunduki nazo zilikuwa na ukaidi wake. Gobori lilikula baruti na kipande chochote cha chuma kilichopita mdomoni. Bunduki za kisasa zilizolifuata zilitaka risasi zake maalumu, na zilipoisha, mwenye bunduki alibaki na fimbo.

Kisha ikaja reli. Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, kilomita zipatazo 1,250, ikifuata kwa sehemu kubwa nyayo za wapagazi. Upana wake ulikuwa mita moja. Pamoja na reli kilikuja kitu ambacho misafara haikuwa nacho: karakana. Umuhimu wake ulionekana 1916, koloni la Wajerumani lilipokuwa limezingirwa vitani na sarafu zimeadimika. Karakana ya reli Tabora ikageuzwa kiwanda cha fedha. Dhahabu ya Sekenke ikagongwa kuwa sarafu za rupia 15, zenye tembo mbele ya mlima, jumla 16,198, na maganda ya mizinga yakayeyushwa kuwa heller za shaba. Mitambo ya kutunza treni ilifanya kazi ambayo hakuna aliyeikusudia iliponunuliwa. Mwezi Septemba mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji liliingia mjini.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ulipita Tabora ukiwa ndani ya makasha. Meli Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa kipande kwa kipande na kufungwa katika makasha yapatayo 5,000. Yalishushwa Dar es Salaam, yakapanda reli hiyo mpya hadi Ziwa Tanganyika. Mafundi waliofuatana nayo, wakiongozwa na Anton Rüter, waliiunga tena Kigoma, na mwaka 1915 ikaelea. Mwaka uliofuata Wabelgiji walikaribia, ikaamriwa izamishwe. Rüter na wenzake wangeweza kuilipua. Badala yake waliipaka mitambo grisi nzito, wakaijaza meli mchanga, na tarehe 26 Julai 1916 wakaishusha chini taratibu. Walizamisha chombo chao huku wakifikiria mtu atakayekiinua.

Wabelgiji waliinyanyua, ikazama tena. Waingereza waliitoa majini 1924, wakakuta injini na matangi ya mvuke bado yanafaa. Tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikaendelea kubeba watu na mizigo Tanganyika kwa vizazi kadhaa. Tangu ipakwe grisi ile hadi itolewe majini ilikuwa imepita miaka minane.

Sasa tuje kwenye mashine za gemu. Kila mashine ina programu ya msingi iliyohifadhiwa ndani, ambayo huamka kabla ya kitu kingine na kuamua diski ipi isomwe na ipi ikataliwe. Programu hiyo ikiharibika, mashine inakuwa tofali. Kampuni zinalijua hili vizuri mno, na kwa hiyo mashine wanazopewa waundaji wa michezo hutengenezwa tofauti na zile za dukani. Xbox ya waundaji ya 2001 ilikuwa na diski ya urejeshaji: unaiingiza, inaijenga mashine upya kutoka mwanzo, mradi toleo la diski likubaliane na ubao wa mashine. Mwundaji anatarajiwa kuharibu, kwa hiyo amepakiwa grisi. Mnunuzi wa kawaida hakupewa.

PSP ya Sony ilikuwa na siri ya aina hiyo. Betri ya mafundi wa kampuni ilibeba namba maalumu iliyoiambia mashine iamke kutoka kwenye kadi badala ya kumbukumbu yake iliyokufa. Mwaka 2007 wadukuzi waliigundua, na matofali mengi yakafufuka. Baadaye Sony ikatoa mbao mpya ambazo betri hiyo haikuziamsha tena. Naelewa hofu ya kampuni kuhusu nakala za wizi. Hata hivyo, aliyeachwa bila njia ya kurudi ni yule aliye mbali zaidi na kituo cha matengenezo, na Tabora ni mbali.

Hata reli bado inatufundisha kuhusu kukubaliana. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ilijengwa kwa upana wa milimita 1,067, na kwa tofauti ya milimita 67 tu kilihitajika kituo cha Kidatu, kilichofunguliwa 1998, ili mizigo ihamishwe kutoka behewa hadi behewa. SGR, reli mpya inayojengwa kupitia Tabora, ina milimita 1,435. Mabehewa ya zamani hayatapanda juu yake, na mapya hayatashuka kwenye ile ya mita moja.

Katika vibanda vya gemu, Tabora kama kwingine nchini, PlayStation 2 ya mwaka 2000 iliendelea kulipiwa kwa dakika muda mrefu baada ya Sony kuacha kuitengeneza. Iliishi kwa sababu mafundi walipata mlango: memori kadi iliyoandaliwa maalumu, ambayo mashine huisoma inapoamka, hivyo hata lenzi ikichoka gemu huweza kupakiwa kutoka kwingine. Mlango huo ulifungwa katika mashine za mwisho za mfululizo wa 90000, zenye programu ya msingi toleo la 2.30. Kwa hiyo fundi anayenunua PlayStation 2 kuukuu haanzi kwa kuiwasha. Anaigeuza kwanza, anaifuta vumbi mgongoni, na kuisoma namba.