Gesi ya friji: Inavyovunjwa na mwanga, inavyovunjwa na joto

GESI ya CFC-12, iliyotumiwa kwa miongo mingi katika majokofu, ilisifiwa kwa utulivu wake. Haishiki moto, na joto la kawaida la hewa haliiathiri. Kwa sababu hiyo, ikivuja kutoka kwa friji kuukuu, hupaa ikiwa nzima na huweza kudumu hewani takriban miaka 100.

Kilomita 20 na zaidi kutoka ardhini, hukumbana na miale ya urujuanimno. Hewa ya huko ni baridi kupindukia, lakini chembe moja ya mwanga wenye mawimbi ya nanomita 220 hivi au mafupi zaidi yatosha kukata kifungo cha kaboni na klorini. Klorini hutoka na elektroni moja isiyo na mwenzake. Wanakemia huiita radikali huru, nayo haitulii hadi ipate cha kuungana nacho.

Ikikutana na ozoni, huipokonya atomi ya oksijeni, huikabidhi kwa oksijeni nyingine, kisha hubaki huru tena kuanza upya. Inakadiriwa kwamba radikali moja huweza kuharibu molekuli 100,000 za ozoni kabla ya kunaswa. Mario Molina na Sherwood Rowland walitoa onyo hilo mwaka wa 1974. Mwaka wa 1995 walituzwa Nobel pamoja na Paul Crutzen.

Joto nalo huitikisa molekuli nzima. Katika matanuri maalumu yanayozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi, hata vifungo imara vya florini hukatika. Radikali huzaliwa kwa wingi kuliko angani, ila hapa zimesongamana na kuzungukwa na haidrojeni ya mafuta na mvuke. Klorini hunyakua haidrojeni hiyo, ikawa asidi inayooshwa kwa maji na chokaa. Moshi sharti upoozwe upesi, la sivyo dioksini, ambayo ni sumu kali, hujiunda.

Itifaki ya Montreal ya 1987, ambayo sekretarieti yake iko Nairobi, ilizitaka nchi zinazoendelea kukomesha utengenezaji wa CFC kufikia 2010. Hata hivyo, gesi iliyomo katika mitambo mikuukuu bado ipo. Fundi anayekata paipu na kuiachilia huisafirisha angani. Anayeitupa friji kwenye moto wa jaani hafanyi afadhali: moto huo hauna joto la kutosha wala chokaa, na moshi wake wenye asidi huvutwa na walio karibu.