Liwa, Msio na Uso wa Pwani

Katika Kiswahili cha pwani neno chunusi lina maana mbili. Ya kwanza ni kile kipele kinachoota usoni, hasa kwa kijana aliye katika kubaleghe. Ya pili ni jini wa majini, anayesadikiwa kuwashika waogeleaji na kuwavuta chini wasionekane tena. Kama maneno haya ni ndugu, au yamekutana njiani kwa sadfa tu, wajuzi wa asili ya maneno na waamue. Lakini mpenzi wa ushairi hawezi kupita hapo bila ya kusimama kidogo, kwani msichana wa miaka 15 anayejitazama katika kioo na kuliona paji lake limejaa vipele anajua vyema maana ya kushikwa na kitu asichokiona na kuvutwa chini.

Kabla ya makopo na chupa za dukani, watu wa visiwani waliutunza uso kwa liwa. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Unguja mwaka 1864, alichapisha kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kama kilivyosemwa Unguja. Katika orodha ya maneno alilitia neno liwa, akaeleza kuwa ni mti wa harufu nzuri unaoletwa kutoka Madagaska, ambao husagwa ukapakwa mwilini kwa ajili ya urembo, na pia kwa kuponya harara. Humo humo aliitia dalia, mchanganyiko wa rangi ya manjano uliotumika sana, uliosemekana kuilainisha ngozi na kuipa harufu njema. Hayo ndiyo yote aliyoyasema, na huenda padri yule hakuwahi kuketi ukumbini akaiona liwa ikisagwa. Hata hivyo ametuhifadhia jambo kubwa: pambo na dawa yamo katika maelezo ya neno moja. Waliompa neno hilo hawakuona haja ya kuyatenga.

Chombo cha kazi hii ni msio, kipande cha jiwe gumu la matumbawe. Juu yake hutiwa matone ya maji au ya marashi, na kigogo cha liwa husuguliwa kwa mzunguko hadi utoke uji mzito kama tui. Uji huo hupakwa usoni ukaachwa ukauke mpaka ngozi ianze kuvutika, kisha huoshwa kwa maji. Kinachosagwa ni cha siku ile tu. Hakuna kilichobaki kikalala wiki tatu katika kopo, kikichotwa kwa vidole vilivyotoka kukuna samaki. Taratibu hizi hazikuandikwa popote. Ziliingia mkononi kwa kutazama, bibi akisaga na mjukuu akishika kikombe cha maji.

Ukale wa mambo haya hauna shaka, ijapokuwa ushahidi wake ni wa vipande vipande, maana mbao haziishi ardhini kama vyungu. Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikaribishwa kwa tambuu na popoo, kisha yeye na kadhi wakamiminiwa marashi ya mawaridi kutoka Damascus. Huko Kilwa, katika machimbo yaliyosimamiwa na Neville Chittick kuanzia mwaka 1960, vilipatikana vijiti vya shaba vya kupakia wanja. Uso, basi, ulikuwa na vyombo vyake na biashara yake ya ng'ambo karne nyingi kabla ya masultani wa Unguja. Marashi yenyewe yanaendelea kukenekwa hadi leo katika vijiji vya Jabal Akhdar huko Oman, wakati mawaridi yanapochanua.

Wanahistoria hupenda zaidi kuzungumzia mabafu ya wakubwa. Yapo ya Kidichi, yaliyojengwa mwaka 1850 na Sayyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Yapo ya Hamamni katika Mji Mkongwe, ya zama za Sayyid Barghash aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Na yapo yale ya Mtoni ambayo Sayyida Salme aliyasimulia kwa urefu katika kumbukumbu zake zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Ni majengo ya kutazamwa, na wageni huyalipia kiingilio. Lakini bafu la kweli la pwani lilikuwa kata na mtungi. Aliyesali sala tano aliuosha uso mara tano kwa siku, na kila mara, kwa mwenye kufuata sunna, maji yalipita usoni mara tatu. Maji matupu, bila ya magadi, bila ya kusugua kwa dodoki. Ukiongeza liwa ya jioni unapata utaratibu kamili wa kila siku, ambao hakuna aliyeuita utaratibu.

Na haukuwa wa Unguja na Pemba peke yake. Ngazija na Mayotte wanasaga msindzano juu ya jiwe la matumbawe, na mwanamke hutoka nao usoni kwenda sokoni bila ya haya yoyote. Wasakalava wa kaskazini-magharibi ya Madagaska wana masonjoany yao. Katika Kisiwa cha Msumbiji na pwani ya Wamakua uso hupakwa mussiro, uji mweupe wa mti mwingine kabisa. Mtu atashawishika kuyaunganisha msio na mussiro kwa kufanana kwa sauti tu. Asiharakishe, kwani Bahari ya Hindi imejaa maneno yanayofanana kama watu wa msafara mmoja bila ya kuwa na nasaba.

Je, liwa iliziponya chunusi? Hapa mapenzi ya mambo ya kale yasiachwe yakaisemea sayansi. Chunusi huanzia ndani ya kitundu cha unywele, pale mafuta ya ngozi yanapozidi kwa msukumo wa homoni za ujana, ngozi iliyokufa ikaziba mlango, na vijidudu vinavyoishi humo vikaongezeka, pakavimba. Uji wa msandali hauzifikii homoni. Jaribio moja dogo la mwaka 2012 lilitumia mafuta ya msandali pamoja na asidi ya salisiliki, na wengi wa waliojaribiwa walipata nafuu. Lakini asidi hiyo yenyewe ni dawa ya chunusi inayojulikana, na hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo sifa haiwezi kupewa mti. Yaelekea liwa iliusaidia uso kwa kuupoza, kwa kutousugua, na zaidi kwa sababu uliokuwa na liwa uliachwa bila ya kuguswaguswa wala kutumbuliwa. Mabibi hao hao walikuwa na makosa yao. Waliopaka ndimu usoni waliiunguza ngozi. Na mafuta mazito ya nywele huteremka yakaota vipele katika paji la uso, jambo ambalo madaktari wa Marekani walilieleza katika maandishi yao mwaka 1970.

Ushauri wa madaktari wa leo, ukiusikiliza kwa makini, hauko mbali na ule wa kata na mtungi: uso uoshwe asubuhi na usiku kwa sabuni laini, usisuguliwe, chunusi isitumbuliwe, na dawa kama benzoili peroksaidi ipakwe kila siku kwa muda wa wiki sita hadi nane kabla ya kukatiwa tamaa. Sharti gumu ni hilo la mwisho. Kijana anataka uso mpya kabla ya harusi ya Ijumaa.

Hapo ndipo historia ilipopinda. Liwa ilitoka katika kila siku ikaingia katika sherehe. Unguja imebaki hasa katika singo ya bibi harusi, pamoja na asumini, mawaridi na mlangilangi, chini ya mkono wa somo, kwa siku chache kabla ya ndoa. Nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa na makopo ya dukani, na mengi ya makopo hayo yalikuwa na ahadi nyingine. Liwa iliahidi ngozi iliyopoa; kopo liliahidi ngozi ya rangi nyingine. Si kweli kwamba pwani haikuwahi kusifu weupe. Tenzi na nyimbo za zamani zina sifa hizo, na utumwa uliacha ngazi zake katika macho ya watu. Lakini sifa ya wimbo haikuwa na zebaki ndani yake. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za watu wazima waliougua figo: zaidi ya nusu ya wagonjwa 60 walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi, zilizotiwa zebaki.

Krimu za steroidi zimekuwa na hila yake. Msichana mwenye chunusi hupaka betamethasoni au klobetasoli aliyoelekezwa na shoga yake, wekundu hutulia kwa siku chache, naye hushukuru. Akiendelea, ngozi hukonda, mishipa huonekana, na vipele vipya huota, vingi kuliko vya mwanzo. Akiacha, uso huwaka, hurejea dukani. Jina la jini wa majini halikupata kufaa zaidi ya hapa. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, uliweka kikomo kwa krimu za zebaki, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuziondoa kabisa ifikapo 2025. Katika mabaraza ya masoko, karatasi za mikataba hazisomwi.

Wapo wanaosema turudi kwenye liwa. Mti nao una habari yake. Msandali wa Afrika Mashariki ulikatwa na kung'olewa kwa mizizi kwa ajili ya viwanda vya manukato vya ng'ambo, hata Kenya ikapiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 ukaingizwa katika orodha ya kimataifa ya mimea ambayo biashara yake inadhibitiwa. Msio, kwa upande wake, hauna uhaba. Katika nyumba nyingi za kale bado upo, umewekwa mlangoni kuzuia upepo, na katikati yake pana kibonde laini kilichochimbwa na mikono ya wanawake ambao majina yao hayamo katika orodha ya Steere.