Michael Armitage na lubugo: nguo ya Buganda yenye sura zetu

Anayetoka Kampala kwa barabara kwenda Nairobi kwa kawaida huvukia Busia au Malaba. Malori ya huko sisi wa Pwani twayajua, kwani mengi hupakia mizigo Kilindini. Mzigo unaorudi ndio hatuutazami sana. Katika vitu vinavyotoka upande wa Uganda imo nguo ya rangi ya udongo mwekundu, lubugo, na mchoraji Mkenya Michael Armitage ameifikisha kwenye kuta za majumba makubwa ya sanaa Ulaya.

Lubugo haifumwi. Ni gamba la mutuba, mti wa jamii ya mkuyu. Mafundi wa ukoo wa Ngonge huko Buganda hulibandua wakati wa mvua, wakalipiga kwa nyundo za mbao hadi likalainika na kutanuka, kisha wakalianika juani. Shina hufungwa majani ya mgomba ili lote gamba jipya. Nguo hii huvaliwa kwenye kutawazwa, na maiti huzikwa nayo. Kwa Waganda ina heshima kama ya sanda kwetu. UNESCO iliitambua mwaka 2005 na kuiandika katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2008.

Armitage alizaliwa Nairobi mwaka 1984, mama Mkikuyu, baba Mwingereza. Alisomea uchoraji London, katika chuo cha Slade na baadaye shule za Royal Academy. Lubugo aliikuta kwenye soko la watalii Nairobi, imekatwa vipande vidogo vya kuwekea vyombo mezani. Nguo ya wafalme na wafu ilikuwa imevuka mpaka ikawa kitambaa cha kikombe! Tangu hapo huipaka rangi za mafuta badala ya turubai la Kizungu.

Kwenye uchoraji wa zamani wa Ulaya, mtu mweusi mara nyingi aliwekwa pembeni, ameshika sinia au farasi wa bwana wake. Armitage anamweka katikati. Mchoro wake wa 2015, #mydressmychoice, ulitokana na wanawake waliovuliwa nguo hadharani Kenya mwaka 2014. Mwanamke amelala kwa mkao aliouchukua kwa Velázquez, na miguu ya wanaume imejipanga nyuma yake. Michoro aliyopeleka maonyesho ya Venice mwaka 2019 ilihusu mikutano ya siasa ya uchaguzi wa 2017. Matundu na mishono ya lubugo haifichi, hata vikikata sura ya mtu.

Sisi ametugusa kwa mchoro wa 2016 wa wacheza baikoko kwenye mlango wa mto Mwachema, kule Diani. Baikoko tunaijua, na ugomvi wake tunaujua: wengine huiita ngoma ya wanawake, wengine huiita aibu. Sasa inatazamwa na watu ambao Kwale hawajaisikia. Kuonekana ni jambo jema, lakini kuonekana na nani? Mchezaji mwenyewe huenda asiuone mchoro huo maishani. Mimi naliona hilo kuwa doa, ingawa si la mchoraji peke yake, maana michoro ya namna hiyo hununuliwa kwa fedha ambazo makumbusho zetu hazina.

Yeye mwenyewe hakukaa kimya. Mwaka 2020 alianzisha Nairobi Contemporary Art Institute, taasisi isiyo ya faida ya kuonyesha na kuhifadhi sanaa ya Afrika Mashariki. Na Royal Academy ilipomfanyia maonyesho mwaka 2021, alitenga nafasi kwa waliomtangulia, wakiwamo Elimo Njau, Sane Wadu, na Waganda wawili waliofanya kazi miaka mingi Nairobi, Jak Katarikawe na Theresa Musoke.

Busia kuna Wasamia pande zote mbili za mpaka, Malaba kuna Wateso vivyo hivyo. Pengine ndiyo sababu kule hakuna anayeona ajabu kwamba mchoraji wa Kenya anachorea nguo ya Uganda.