Kigari cha umeme cha okazioni: angalia batri kwanza

Rangi ya kigari cha golfu inaweza kungaa, lakini hasara inajificha chini ya kiti, kwenye batri. Vigari vingi vya volti 48 vinatumia batri sita za volti 8, ao nne za volti 12.

Mnunuzi aombe zichajiwe mpaka zijae, kisha zipumzike masaa machache. Batri nzima za asidi zinaonyesha karibu volti 51 kwa jumla. Kisha apandishe kilima akiwa na watu: volti zikianguka sana, batri zimechoka. Apime pia kila batri peke yake, maana moja mbovu inaharibu zingine.

Muuzaji akikataza majaribio, afazali kuacha. Batri mpya zote zinaweza kumaliza faida ya bei ndogo.